Kijiko cha Pili

Simu ya msiba ilinikuta uani nikipepeta mchele. Aliyepiga ni kijana wa jirani ya ukweni kwangu kule Mashewa. Alinisalimia kwa shikamoo, kisha akasema bibi Hadija amefariki alfajiri na wanazika kesho baada ya sala ya adhuhuri. Niliuliza aliumwa nini, nikaambiwa presha, nikamshukuru kwa kunijulisha. Halafu nikaendelea kupepeta ule mchele, nikauchagua mawe, nikaupika, nikala. Sikulia. Jioni mwanangu Salimu akapiga kutoka Korogwe, anakofanya kazi, ili tupange safari. Akasema, "Pole sana mama. Najua mlivyopendana na shangazi." Hapo ndipo nilipokaa chini nikalia, naye akangoja upande wa pili mpaka salio likamwishia. Hadija alikuwa dada wa marehemu mume wangu, wifi yangu wa pekee. Kati yangu na yeye kulikuwa na jambo la mwaka ule aliozaliwa Salimu. Watu wawili tu tulilijua, na sasa nilikuwa nimebaki nalo peke yangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mimi na mume wangu, Bakari, tulipanga chumba kimoja Handeni mjini, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati na jiko la pamoja uani. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia kwenye kenchi, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza alimsikia. Bakari alikuwa seremala. Kitanda chetu alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, kikubwa kiasi cha kumeza nusu ya chumba. Nusu iliyobaki ilikuwa ya cherehani yangu, sanduku la bati, meza ya vyombo na ndoo mbili za maji. Nilishona sare za shule kwa fundi mmoja wa sokoni. Yeye alikata vitambaa, mimi nikaunganisha. Leo nikipita mbele ya nyumba ile, ambayo bado imesimama, naona ni kijumba tu cha kupangisha. Siku tulipohamia nilikaa ukingoni mwa kile kitanda nikajiona nimefika.

Mama yangu alikaa nami hadi arobaini, kisha akarudi kwake kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na shamba halingojei. Wiki hiyo hiyo Salimu alianza kulia. Alinyonya, akasinzia dakika kumi, nikimlaza tu anafumbua macho na kuanza upya. Watu huongea juu ya usiku wa mama mzazi, na huongea wakicheka. Mimi ulionivunja ni mchana. Nilitia chumvi kwenye chai ya Bakari, akainywa yote bila kusema. Nilishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, nikalikunja vizuri, nikalipeleka sokoni. Kwenye foleni ya maji, ambayo Handeni miaka ile ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kitu chochote, nilisinzia nimesimama na dumu mkononi, na nilipozinduka watu walikuwa wamenipita na wanawake walikuwa wananitazama. Bakari naye alirudi siku moja amefunga kidole gumba kwa kitambaa chenye damu. Msumeno ulimteleza. "Nauza vitanda," aliniambia, "na mimi mwenyewe nimesahau kitanda ni cha nini." Tulicheka kidogo. Baada ya siku ile tulianza kugombana kwa sauti za chini, ili majirani wasisikie, juu ya nani amembeba mtoto zaidi na nani ameamka mara nyingi zaidi.

Majirani walisikia, nasi tuliwasikia wao. Mchana mmoja nilikuwa nimelala chali, Salimu kifuani, na wanawake wawili walikuwa wamekaa koridoni wakichambua mchicha. Mmoja alisema yule mtoto ana chango, angetafutiwa mtu wa kumfunga dawa. Mwenzake akajibu kwamba hakuna chango wala nini, mama ndiye hajui kulea, wasichana wa siku hizi wanazaa kabla hawajakomaa. Alisema polepole, akidhani nimelala. Yaliyosemwa siku ya harusi yangu nimeyasahau karibu yote, lakini maneno yale bado nayasikia na mlio wa mchicha ukivunjwa. Nilimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alimpima, akasema uzito unapanda vizuri, hana ugonjwa, watoto wengine wanachelewa kutulia, na mimi nilale kila anapolala yeye. Niliitikia ndiyo. Nilitaka kumuuliza nani atakayechota maji na kufua nepi wakati huo, lakini mama mwingine alikuwa ameshaingia.

Aliyenionea huruma alikuwa mama Rozi wa chumba cha mkabala. Wazee wake walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakabaki. Aliingia siku moja akanikuta nalia pamoja na mtoto, akarudi kwake, akaja na chupa ndogo ya kahawia. Ilikuwa dawa ya maji ya mafua. Alisema nimpe kijiko kidogo tu, watoto wake wote amewalaza hivyo. Simlaumu. Alinipa alichokuwa nacho, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa ile si ya mtoto mchanga. Nilimpa Salimu, akalala kwa saa nne, nami nikalala kwa saa nne, na nilipoamka nilijisikia mtu tena. Chupa nikaificha sandukuni chini ya kanga. Nilijiambia ni ya siku ngumu. Haikupita muda, kila siku ikawa ngumu.

Bakari hakujua habari ya chupa, lakini aliona hali yangu, akatuma ujumbe kwao kwa dereva wa basi. Siku tatu baadaye wifi Hadija akateremka na mkungu wa ndizi, kikapu cha magimbi na mkeka wake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mrefu, mwenye kusema taratibu. Alikuwa ameolewa akaachwa kwa kukosa mtoto, na tangu hapo akawa anaitwa kila anapojifungua mtu katika ukoo. Nilimwamkia, akaitikia, akamtazama mtoto. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi.

"Mtoto mzima," akasema. "Anayeumwa ni wewe, wifi."

Bakari alihamia kulala karakanani kwake, na wifi akalala nami. Asubuhi alinipikia uji wa mtama wenye pilipili manga, akasimama hapo hapo mpaka nimalize bakuli. Kila baada ya adhuhuri alimfunga Salimu mgongoni, akatoka, akanifungia mlango kwa nje ili nisipate kisingizio cha kuamka. Siku ya kwanza nililala mpaka alasiri, nikaamka nimelowa maziwa kifua kizima, nikashangaa jua limehama ukuta. Juu ya mtoto hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinikalisha nimwangalie. Alinionyesha kwamba Salimu, kabla ya kulia, huwa ameshasema: anafikicha jicho, anageuza uso asitazame mtu, anatulia ghafla na kukodolea mahali pamoja. "Hapo ndipo umlaze," alisema. "Ukingoja alie, amechoka kupita kiasi, na aliyechoka hivyo hajui kulala." Alikataza mtoto kupitishwa mkono kwa mkono koridoni jioni. Asubuhi alimtoa nje kwenye mwanga, ajue mchana ni mchana. Ikikaribia magharibi alimwogesha maji ya vuguvugu, akaniletea nimnyonyeshe, akapunguza utambi wa taa, akamwimbia wimbo mmoja tu wa Kishambaa, huo huo kila siku, kisha akamlaza chali macho yakiwa bado nusu wazi, kiganja chake kifuani kwa mtoto. Kiganja alikiondoa kidole kimoja kimoja. Salimu akigutuka hakumnyakua. Alisikiliza kwanza kama ni kilio au ni mguno wa kujigeuza. Mara nyingi ulikuwa mguno.

Siku kumi za kwanza sikuona tofauti kubwa, nami nilikata tamaa zaidi ya mara moja. Baadaye akaanza kulala kipande kirefu kimoja, halafu viwili. Wanawake wa koridoni wakasema chango imetoka. Bakari alirudi kula nyumbani jioni, tukakaa watatu kwenye mkeka na sahani moja ya ugali wa muhogo na mlenda, mtoto amelala nyuma yetu, tukiongea kwa sauti ya kawaida. Nimekula vyakula vizuri zaidi maishani. Sikumbuki kingine kama kile. Dawa niliacha kumpa kabisa wiki ile ile aliyokuja wifi. Lakini chupa sikuitupa. Miaka mingi nimejiambia kwamba niliisahau. Sikuisahau. Nilijua iko wapi kama mtu anavyojua mlango wa nyuma uko wapi.

Kipupwe kilipoingia Salimu alipata mafua, pua zikaziba, akawa hawezi kunyonya wala kulala. Siku tatu tulirudi kule kule tulikotoka. Wifi naye alichoka, lakini Jumamosi ile unga ulikuwa umekwisha, akasema anakwenda mashineni kusaga, atarudi kabla ya adhuhuri anichukulie mtoto nilale. Mashineni kulikuwa na foleni. Fundi wa sokoni alikuwa anazitaka sare kabla shule hazijafunguliwa, na mimi nilikuwa nyuma. Nilifungua sanduku. Nilijiambia kwamba hii ni dawa ya mafua na mtoto ana mafua. Nikampa kijiko, nikamlaza, nikakaa kwenye cherehani. Nililaza kichwa kwenye meza yake kwa muda mfupi tu. Nilipoinua kichwa Salimu alikuwa analia, na chupa ilikuwa mezani, wazi. Nilijiuliza kama nimempa. Nilijiona kichwani mwangu nikimpa, lakini sikujua kama ni leo, au ni siku nyingine, au nimeota. Mtu aliyelala usiku wake angengoja. Mimi nilitaka kilio kikome. Nikampa kijiko cha pili, nikapanda naye kitandani. Kama kulikuwa na cha tatu, hadi leo siwezi kuapa. Chupa ilikuwa imepungua kuliko vijiko viwili.

Niliamshwa na wifi akinitikisa bega kwa nguvu. Unga ulikuwa umemwagika mlangoni. Alikuwa amemshika Salimu, na kichwa cha Salimu kilikuwa kinaning'inia mkononi mwake kama kichwa cha mtoto wa siku moja. Midomo ilikuwa imepauka. Mtoto alipumua, akakaa muda, nikadhani amemaliza, kisha akapumua tena. Wifi hakuniuliza kitu. Aliitazama meza, akaichukua chupa akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka mbio na mtoto. Wakati ule hakukuwa na bodaboda. Alimsimamisha mtu wa baiskeli njiani, akapanda nyuma na mtoto kifuani, nami nikawafuata kwa miguu, kiatu kimoja kikiwa kimebaki nyumbani.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshamlaza kwenye kitanda cha chuma, wamemtundikia dripu, muuguzi akimkuna nyayo na kumwita kwa jina. Daktari aliuliza amekunywa nini. Wifi akafungua pindo la kanga, akampa chupa. "Amekunywa hii," akasema. Daktari aliisoma, akatikisa kichwa, akasema huyu ni mtoto wa miezi mitano, nani anampa mtoto wa miezi mitano kitu hiki. Hakungoja jibu, alikuwa na kazi. Bakari aliingia muda si mrefu, maranda ya mbao yamemjaa kwenye nywele. Alimwona mwanawe, akaiona ile chupa juu ya kabati, akasikia muuguzi akisema bi mkubwa huyu ndiye aliyekuja nayo. Akamgeukia dada yake.

"Dada, umempa nini mwanangu?"

Wifi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa utulivu, bila ukali. Alikuwa ananingoja. Nimeyapima mara nyingi macho yale, na ninajua kwamba kama ningesema neno moja tu, angesimama upande wangu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Niliinamisha uso, nikamshika Salimu mguu.

"Chupa nimeileta mimi," wifi akasema.

Maneno yalikuwa ya kweli. Aliileta yeye, kutoka nyumbani hadi hospitali. Bakari aliyasikia alivyoyasikia. Hakupiga kelele. Alimwambia arudi Mashewa, na kwamba asimwone tena karibu na mtoto wake. Wifi alikaa kwenye benchi la nje mpaka kesho yake asubuhi, Salimu alipofumbua macho na kunyonya. Muuguzi alitoka kumwambia. Ndipo akaenda kuchukua mkeka wake, akaenda stendi.

Mwaka ule uliishia vizuri kwa wanaotazama. Salimu alipona kabisa. Nilimlaza kwa njia ya wifi, saa zake, wimbo wake, kiganja kidole kimoja kimoja, na alilala usiku kucha kabla hajatimiza mwaka. Watoto wawili waliomfuata niliwalaza vile vile. Kila nilipomlaza mtoto nikafaulu, niliishi kwa mali ya mtu niliyemwacha afukuzwe. Bakari alikaa zaidi ya miaka miwili bila kusema na dada yake, kisha Idi moja akaenda Mashewa, akarudi akaniambia amemsamehe. Nilimwambia amefanya vizuri. Alikuwa mtu mwema, na alikufa akiamini amesamehe. Mimi na wifi tulitembeleana baada ya hapo kwenye harusi na misiba. Mara moja, tukiwa wawili tu, tunamenya ndizi nyuma ya nyumba yake, nilianza kusema, "Wifi, ile siku…" Akanikatiza. "Mtoto mzima," akasema. "Menya ndizi." Nilijiambia kwamba amenifungia mlango. Kweli yenyewe ni kwamba nilifurahi umefungwa.

Wifi tulimzika kesho yake ya ile simu, kama walivyosema. Nilisafiri na Salimu na mkewe Zawadi kutoka Korogwe, kupitia Magoma, na kitoto chao cha miezi miwili. Zawadi macho yalikuwa mekundu, na njiani alimuuliza mumewe swali lile lile mara tatu. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, sisi wanawake tulikuwa tumekaa ndani kwenye mikeka. Binti mmoja wa pale, mwenye mtoto mapajani, alianza kumsifu marehemu. Alisema bibi Hadija alikuja kwa kila mzazi wa kijiji, na kabla ya kumshika mtoto aliomba aonyeshwe dawa zote zilizomo ndani. Ukimuuliza sababu, alikuambia aliwahi kumnywesha mtoto wa kaka yake dawa ya usingizi, nusura afe. Alikuwa akisema, "Nilikosea mimi, ninyi msikosee." Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema kukiri hadharani hivyo ni moyo mkubwa.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Hakumpa yeye. Nilimpa mimi. Huyo mtoto ni Salimu."

Hakuna aliyeguna. Niliwaeleza kwa kifupi, kisha nikanyanyuka, nikaomba Salimu aitwe, nikamwambia yote nyuma ya nyumba, nimesimama. Alisikiliza mikono nyuma, kama baba yake. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja.

"Baba alijua?"

"Hakujua."

Akatazama chini. "Utoto wangu wote baba alinikataza kula chakula cha shangazi ambacho sijakiona kikipikwa," akasema. "Shangazi alikuwa ananiwekea kipande cha nyama, nami nakitupa kichakani. Alikuwa ananiona." Halafu akaondoka, akashika njia ya makaburini.

Nilirudi ndani kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Wanawake walinipisha mkekani. Zawadi alinitazama muda mrefu. Alikuwa amesikia kila neno, na kitoto chake kilikuwa kimeanza kufikicha jicho na kugeuza uso. Nilidhani atamkumbatia zaidi. Akaniletea. "Mama, mshike," akasema. "Nataka nilale kidogo." Akajinyoosha ukutani, akafunika uso kwa mtandio, na kabla sijamweka mtoto sawasawa alikuwa ameshalala.

Salimu alirudi karibu na alasiri, udongo mwekundu magotini. Alisimama mlangoni, akanikuta na mwanawe mikononi, nami nilijua anakuja kumchukua. Alimtazama mkewe aliyelala. Akavua viatu, akaingia, akakaa kando yangu.

"Mimi nimemwomba shangazi radhi," akasema polepole, asiwaamshe. "Wewe utakwenda kumwomba mwenyewe."

Nikamwambia nitakwenda. Akanyoosha mikono, nikampa mtoto, nikajifunga kanga vizuri, nikatoka.